Kutambua Mahitaji ya Mhudumiwa Kabla ya Kuanza Tiba kwa Burudani

Tiba kwa burudani ni sehemu ya huduma za utengamao ambamo michezo, muziki na kazi za mikono hutumika kumsaidia mtu kurejesha uwezo aliopoteza kwa ugonjwa, ajali au ulemavu. Burudani hapa si anasa: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaitaja katika ibara ya 30 kuwa ni haki.

Tathmini ndiyo hatua ya kwanza, na ndiyo inayoharakishwa mno. Mtu hupangiwa shughuli kwa sababu vifaa vyake vipo, hata kama hajawahi kuipenda. Mtaalamu husoma kwanza jalada la matibabu, kisha huzungumza na mhudumiwa mwenyewe, na ndugu huulizwa baadaye ili wasimjibie. Mama mkulima wa Kasulu akiulizwa anapenda burudani gani, huenda akasema hana muda wa mambo hayo. Lakini akiulizwa jioni baada ya kazi hukaa na nani na hufanya nini, atataja kwaya, ususi wa mikeka na mazungumzo na majirani, na hapo ndipo mpango wake unapoanzia.

Maneno peke yake hayatoshi, kwa hiyo mtaalamu hutazama pia. Tuchukue mzee wa Ujiji aliyepata kiharusi na kupooza upande wa kushoto, ambaye tangu ujana wake amekuwa mchezaji wa bao. Akiwekewa ubao wenye mashimo 32 na kete 64, mengi huonekana kwa muda mfupi: kama vidole vinaokota kete moja moja, kama anaweza kuhesabu mbele kabla ya kusambaza, kama anasubiri zamu yake, kama anachoka au anakasirika upesi. Akiyapita mara kwa mara mashimo ya kushoto kana kwamba hayapo, huenda ubongo hauutambui tena upande huo, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa usalama wake hata barabarani.

Usalama wenyewe haujadiliwi nusunusu. Kijana mwenye kifafa anayetamani kurudi kuogelea Ziwa Tanganyika asiingie majini kabla daktari wake hajashauriwa, na hata akiruhusiwa, asiogelee peke yake. Nauli, umbali wa kituo na aibu ya kuonekana na watu navyo viandikwe, kwani huzuia ushiriki sawa na maradhi.

Baada ya hapo lengo huandikwa kwa namna inayopimika, kwa mfano mzee yule aweze kukaa barazani na wenzake kwa nusu saa na kumaliza mchezo mmoja bila kukumbushwa kutazama kushoto. Tathmini hurudiwa kila hali inapobadilika. Familia inayomleta mgonjwa ije na mtu anayejua alivyokuwa akiishi kabla ya kuugua, na kama kuna kifaa alichokizoea, uwe ubao wake, ukili au filimbi, waje nacho.