Kabla ya kusema "ni sensa tu", pima presha ya oili

"Fundi, taa ya oili inawaka lakini gari linavuta vizuri, nibadilishie sensa tu." Sensa hiyo ni kile kifaa kidogo kwenye injini kinachosikia presha ya oili na kuwasha taa ya dashibodi; ile rahisi huitwa swichi. Wiki hii nimeambiwa tena, na dereva wa fuso aliyeshusha viazi kutoka Lushoto. Taa iliwaka Mombo. Akapita Korogwe, Segera na Muheza nayo hivyohivyo, mpaka hapa Tanga mjini.

Jamani, kuvuta hakuonyeshi presha. Injini huvuta mpaka dakika beringi zinaposhika kranki, mhimili mkuu wa injini. Swichi ya taa kwenye magari mengi huwasha taa presha ikishuka chini ya baa (kipimo cha presha) 0.3 hadi 0.5 hivi. Kama swichi ni nzima, basi ikiwaka akiba imeshakwisha. Simama, zima, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Ubishi utafuata baadaye.

Sensa hufa, sikatai. Hewa yetu ya chumvi hula pini za plagi ya waya wake, na sensa iliyozeeka hupitisha oili kwa ndani. Ukichomoa plagi ukakuta oili, badilisha. Ile swichi ya waya mmoja, chomoa waya halafu fungua ufunguo: taa ikibaki inawaka, waya umegusa bodi mahali fulani na sensa mpya haitakusaidia. Sensa za waya tatu kwenye malori ya kompyuta hazipimwi hivyo.

Ushahidi ni geji ya mkono. Toa sensa, funga geji kwenye tundu lilelile, washa. Sasa hapa ndipo mafundi wenzangu wananichosha: wanapima asubuhi, injini ya baridi, wanaona baa 4, wanatangaza sensa imekufa. Oili ya baridi ni nzito, itapandisha geji hata kwenye injini iliyochoka. Lori linaondoka na sensa mpya, likishapata moto taa inarudi. Pima injini ikiwa na moto uleule iliokuwa nao taa ilipowaka, kwanza sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), kisha panda taratibu. Wengi hukadiria baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika, lakini kitabu cha injini yako ndicho cha kufuata. Fuso ile ilikuwa nzuri ikiwa baridi. Ilipochemka, sailensi haikufika nusu baa. Oili kwenye dipstiki ilikuwa imepita alama ya juu na inanuka dizeli: mafuta yanavujia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili nyepesi. Sensa yake ilikuwa nzima kabisa.

Hata geji ina mpaka wake. Inasoma mahali pamoja tu, kwenye mfereji mkuu, na haikwambii roka (mikono inayosukuma valvu) au beringi ya mbali inapata nini. Injini kuukuu ikisoma karibu na kiwango cha chini, siwezi kuapa kwamba ni salama. Hapo nashusha sampo nikaangalie beringi kwa macho, tajiri akasirike akitaka.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Zima injini, futa uchafu kuzunguka tundu, tumia soketi ndefu, anza kufunga kwa vidole. Nyuzi za koni, zile zinazonenepa kadiri unavyofunga, usizikaze kwa nguvu, zinapasua nyumba yake. Tepu nyeupe ya bomba msiizungushe ovyo: swichi ya waya mmoja inapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi hizohizo, na kipande kikikatika kinaweza kuziba njia ya oili.

Kibaya kuliko vyote ni kununua kwa kufananisha. Swichi mbili zinaweza kuwa na nyuzi sawa na plagi sawa, lakini moja inawasha taa kwenye presha ya chini zaidi. Ukifunga hiyo, taa inazimika, dereva anashukuru, beringi zinaendelea kulika. Kwa sensa ya geji ya dashibodi, ukikosea aina, mshale utasoma uongo kila siku. Nenda dukani na namba ya spea ya injini yako. Muuzaji akikujibu "zote zinaingia", tafuta duka jingine.