Usawa wa kuganda: namba ya kuangalia kabla hujapanda Meru au Kilimanjaro

Andika "Kilimanjaro" kwenye programu ya hali ya hewa ya simu yako siku ya Alhamisi, wakati unapanga safari ya wikiendi. Huenda ukaletewa jua, kijiwingu kimoja na nyuzi joto 26. Kabla hujafurahi, angalia ni Kilimanjaro ipi. Mara nyingi ni uwanja wa ndege, KIA, ulio mita 894 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Toa hiyo kwa hii, unabaki na mita 5,001. Kwa hiyo utabiri ulioushika ni wa mahali palipo kilomita tano nzima chini ya kule wanakokwenda wapanda mlima.

Namba inayokosekana hapo ni usawa wa kuganda. Ni kimo ambacho ukikifikia, hewa inakuwa imeshuka hadi nyuzi joto sifuri. Chini yake kuna mvua na umande, juu yake kuna theluji na barafu. Unapimwa kwa mita, sawa na usawa wa bahari, ila huu haukai mahali pamoja. Usiuchanganye na kiwango cha kuganda cha maji, ambacho ni nyuzi sifuri leo na kesho.

Kwa nini hewa ipoe kadiri unavyolikaribia jua? Swali hili tuliulizana sana shuleni na jibu si gumu. Jua halipashi hewa joto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa; linapasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa. Hewa hiyo ikipanda inakutana na mgandamizo mdogo, inatanuka, na kutanuka kunaipotezea joto. Mwambie fundi baiskeli afungue vali ya tairi lililojaa, uweke kidole pale upepo unapotoka: ni wa baridi, ingawa tairi lilikuwa juani. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzi joto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa kavu sana hupoteza karibu 10, na ndani ya mawingu hupoteza pungufu.

Kwa hesabu hiyo unaweza kukisia mwenyewe, hata mtandao ukigoma. Moshi iko kama mita 850. Mchana wa nyuzi 26, gawa 26 kwa 6.5 unapata 4, yaani mita 4,000 za kupanda hadi sifuri. Jumlisha na 850: usawa wa kuganda uko kama mita 4,850. Ni makisio tu, lakini hayako mbali na ukweli, kwani kwenye milima yetu namba hii hucheza mara nyingi kati ya mita 4,500 na 5,000. Kambi ya Barafu, kwenye njia ya Machame, iko takriban mita 4,670. Jina limekaa mahali pake.

Wenzetu wa Uskoti huiangalia namba hii kila siku ya majira yao ya baridi, na wana sababu tofauti na yetu. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Kilele chake kiko chini kidogo ya jiji la Arusha. Lakini kule usawa wa kuganda unaweza kuwa juu ya vilele asubuhi, na usiku ukashuka hadi mabondeni, kwa sababu tu hewa ya kutoka kaskazini imeingia. Mlima uleule, Jumamosi tope, Jumapili barafu. Kwetu sisi, karibu na ikweta, mstari huo hausogei sana kutoka siku hadi siku. Unaousogelea ni wewe, kwa miguu yako. Halafu kuna usiku.

Usiku ndipo hesabu yangu ya Moshi inapovurugika. Jua likizama, ardhi ya mlimani inamwaga joto lake angani, na kama hakuna wingu la kulizuia linakwenda moja kwa moja. Hewa inayogusa ardhi inapoa kuliko hewa iliyo mbali na mlima kwa kimo kilekile. Ndiyo maana kambi ya Horombo, Kilimanjaro, kwenye mita 3,700 hivi, chini kabisa ya usawa wa kuganda unaotajwa kwenye utabiri, unaweza kutoka chooni alfajiri ukakanyaga nyasi zinazolia kama biskuti. Senesio, ile mimea mikubwa yenye kichwa kama kabichi inayoota huko, imelijua hilo kabla yetu: usiku hufunga majani yake kulinda chipukizi, na haidondoshi majani makavu ili yaufunike mti kama koti. Mlimani kiangazi ni mchana na kipupwe ni usiku, mwaka mzima.

Kwa hiyo utabiri ukisema "anga angavu usiku", mtu wa mjini anasikia habari njema. Mimi nasikia glavu.

Nilijifunza kwa gharama ya binamu yangu. Sabasaba moja tulipanda Meru. Arusha siku hiyo ilikuwa na yale manyunyu ya Julai, jiji zima limejifunika, na yeye akasema kama chini kumenuna hivi basi juu ni balaa, tuahirishe. Kumbe wingu la kipupwe mara nyingi ni tabaka lililolala juu ya mji na msitu. Tulipotoka kwenye msitu siku ya pili tulikuwa juu yake, jua linachoma, mawingu yako chini yetu kama pamba iliyomwagwa hadi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa mbali. Binamu akavua sweta na kuanza kunicheka kwa mzigo wa nguo niliobeba. Usiku ukawa na nyota hadi kero. Saa nane za usiku tuliondoka kambi ya Saddle, na yeye alikuwa na jinzi, sweta moja na mzula. Tulipofika ukingoni mwa kasoko, lile shimo la volkano, kwenye upepo, alitaka kunywa maji, akakuta shingo ya chupa imeziba kwa barafu ingawa maji ya chini yalikuwa bado yanacheza. Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi na bunduki yake kwa ajili ya nyati (Meru hupandi bila yeye) akaichukua chupa, akaigeuza kichwa chini na kuirudisha kwenye mfuko wa begi bila kusema kitu. Barafu huanza kushika juu ya maji; ukigeuza chupa, mdomo unabaki wazi. Binamu aligeukia njiani, na sikumlaumu.

Alichokosa si hesabu ya joto peke yake. Mita 4,566 za kilele cha Meru ziko pembeni kabisa mwa usawa wa kuganda. Mchana wa Arusha wenye nyuzi 21 unampa kileleni karibu sifuri. Sifuri bila upepo inavumilika. Tatizo ni kwamba ukingo wa kasoko ni kama dirisha lisilo na kioo. Hewa ikiwa nyuzi 6 chini ya sifuri, na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni 15 chini ya sifuri. Kasi ya upepo isome ya kimo unachokwenda. Upepo wa Arusha mjini haukuambii lolote.

Wala usiufanye usawa wa kuganda kuwa mstari wa hatari, kwamba chini yake uko salama. Msitu wa kusini mwa Kilimanjaro, kwenye mita elfu mbili na kitu, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu ikisukumwa na mlima hupanda, hupoa na kumwaga maji yake hapohapo. Mtu aliyelowa hadi kwenye soksi, kwa nyuzi 8, njiani kwenda kambi ya Mandara, anaweza kupoteza joto la mwili haraka kuliko aliye mkavu kwenye theluji. Jinzi ikilowa haikauki siku hiyo. Jaketi la mvua la mitumba pale soko la Memorial, Moshi, ni fedha iliyotumika vizuri.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usome kwa ajili ya mvua na tahadhari za ukanda mzima: Machi hadi Mei ni masika, na vuli huingia kuanzia Oktoba. Kwa kimo, tafuta huduma inayokuruhusu kuchagua mita na inayoandika usawa wa kuganda waziwazi, uangalie saa za usiku kwanza. Ukikuta huduma inataja kilele bila kutaja mita, ipite.

Kisha amka mapema. Moshi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibo huwa wazi kabla mawingu hayajaanza kupanda. Tazama weupe umeishia wapi. Ukiwa umeteremka kuliko jana, theluji imeanguka usiku. Ukiona wingu laini lenye umbo la sahani limetulia juu ya kilele, halitoki wala halitawanyiki, kuna upepo mkali unapita ndani yake. Ukiweza, simama getini Marangu uwaulize wagumu, yaani wapagazi, wanaoshuka na mizigo. Waulize maji yaligandia kambi gani.