Saratani ikishasambaa: ulizeni kinyama kilisema nini kabla ya kuuza shamba

Mgonjwa akija kwangu hapa Malindi na bahasha yake ya karatasi za hospitali, mara nyingi maneno haya yameshamtangulia: hatua ya nne. Nyumbani watu wameanza kusema kwa sauti ya chini akiingia chumbani. Jamaa zake huniuliza moja kati ya mawili. Wengine husema, "Daktari, kuna haja tena?" Wengine wamesikia habari za sindano mpya India, na wanataka kujua kama shamba la Gede likiuzwa pesa zitatosha. Wote huwarudishia swali: kile kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapelekwa maabara, kilisema nini?

Saratani huitwa kwa jina la mahali ilipoanzia. Chembe zikitoka kwenye titi, zikapita kwenye damu au mishipa ya limfu na kutua kwenye mfupa wa paja, hiyo bado ni saratani ya titi, ila imehamia mfupani. Ukiitazama kwa darubini ina sura ya titi, na dawa zake ni za titi. Kwa hiyo mama aliyeambiwa ana saratani ya titi na ya mifupa, mara nyingi ana ugonjwa mmoja tu. Daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, na mwaka 1889 akaandika kwamba ugonjwa hauangukii popote tu. Chembe, alisema, ni kama mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota kwenye udongo unaozifaa. Ndiyo sababu saratani ya tezi dume hupenda mifupa. Saratani ya utumbo mpana hukimbilia ini, kwa kuwa damu ya utumbo hupita huko kwanza. Ya mlango wa kizazi, tunayoiona sana huku Pwani, mara nyingi hubana mirija ya mkojo iliyo jirani, na mama huletwa kwetu figo zimeshindwa ilhali mapafu yake ni safi kabisa.

Hatua ya nne inasema tu kwamba ugonjwa umefika mbali. Haisemi ni ugonjwa wa aina gani, na aina ndiyo inayoamua mengi. Iko saratani ya kondo, inayozuka baada ya mimba. Hata ikiwa imejaa mapafuni, wengi wanaoipata hupona kabisa kwa dawa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza za uvimbe kuponywa kwa tibakemikali, ile ambayo wagonjwa huiita kimo, katika miaka ya 1950. Saratani ya korodani pia huponywa mara nyingi hata ikiwa imesambaa. Mwenye saratani ya utumbo mpana iliyopeleka vivimbe vichache tu kwenye ini anaweza kufanyiwa upasuaji, na baadhi yao hawaugui tena. Saratani nyingine nyingi zilizosambaa hatuziponyi, na sitamdanganya mtu. Lakini kati ya kupona na kufa kesho kuna nafasi kubwa sana, na kazi yangu nyingi iko humo.

Nimchukue mzee mmoja kutoka Lamu, fundi wa majahazi, aliyeletwa na mwanawe. Nyonga na mgongo vilikuwa vinamuuma kwa miezi, akitibiwa baridi yabisi. Kipimo cha damu cha PSA, kinachochunguza tezi dume, kilikuwa juu mno, na kinyama cha tezi hiyo kikathibitisha saratani. Kijana alinivuta nje ya mlango: "Daktari, baba asiambiwe. Atakata tamaa." Tuliporudi ndani mzee alikuwa ameshavaa kofia yake, akamtazama mwanawe. "Mwanangu, mwili huu ni wangu. Mnanong'ona nini na mimi ndiye ninayeumwa?" Katika miaka yangu ya kazi hii nimewaona wachache sana waliokata tamaa kwa kuambiwa. Niliowaona wakivunjika moyo ni wale walioachwa wakisie peke yao.

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume. Daktari wa upasuaji Charles Huggins alionyesha hivyo mwaka 1941, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tiba ya msingi bado ni kuikata homoni hiyo, kwa sindano za kila baada ya miezi kadhaa au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani, unaofanyika mara moja na basi. Wanaume wengi hawataki hata kuusikia, na naelewa. Nawaambia yote mawili na bei zake, kisha naacha waamue na wake zao. Siku hizi tunaongeza mapema kidonge kama abiraterone, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na sasa kinatengenezwa na kampuni nyingi kwa bei nafuu kuliko zamani. Kuna pia lutetiamu, dawa yenye mionzi inayobebwa na damu hadi kwenye chembe za tezi dume zenyewe. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2022, kwa wale ambao dawa nyingine zimeshindwa. Si ya kuanzia, na haitolewi bila picha maalumu inayoonyesha kwamba chembe hizo zina alama inayotafutwa.

Mzee yule maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi, na hapa pana jambo ambalo watu wa visiwani wanapaswa kulijua. Mfupa unaouma kwa saratani unaweza kupigwa mionzi mara moja tu, kipimo cha grei 8 (grei ni kizio cha mionzi). Tafiti nyingi zimelinganisha mara moja hiyo na mara kumi, na maumivu hupungua kwa kiasi kilekile. Tofauti ni kwamba aliyepigwa mara moja huenda akahitaji kurudia baadaye zaidi kuliko mwenzake. Kwa mtu anayeishi karibu na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, Mombasa, hilo si jambo kubwa. Kwa anayetoka Lamu, avuke kwa boti hadi Mokowe, apande basi lipite Witu na Garsen na huku Malindi ndipo lifike Mombasa, na kila tuta la barabara anahesabu kwa nyonga, mara moja na mara kumi ni mbingu na ardhi. Ulizeni. Msiogope kumuuliza daktari wa mionzi: "Hili haliwezi kumalizika kwa siku moja?" Mara nyingine atasema hapana, kwa sababu mfupa umekaribia kuvunjika au uti wa mgongo umebanwa, na hapo msikilizeni.

Na nikiwa kwenye uti wa mgongo: mgonjwa wa saratani mwenye maumivu ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikaanza kulegea, ganzi ikapanda, au mkojo ukakataa kutoka, huyo asingoje kliniki ya wiki ijayo. Aletwe siku hiyohiyo. Akifika bado anatembea, kuna uwezekano mkubwa aendelee kutembea. Miguu ikishakufa, mara nyingi hairudi.

Sasa hizo dawa mpya. Katika saratani ya titi, maabara inatakiwa ipime alama tatu kwenye kinyama: mbili za homoni, na moja iitwayo HER2. Zikiwepo za homoni, mama anaweza kukaa miaka kwa vidonge, nywele zake kichwani na kazi zake mkononi. HER2, protini inayochochea chembe kukua, ikiwepo kwa wingi, kuna dawa iitwayo trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kubadilisha kabisa hatima ya ugonjwa uliokuwa mkali kuliko mwingi. Ndugu yake mpya, trastuzumab deruxtecan, hubeba sumu ya kimo hadi mlangoni mwa chembe na kuiachilia humo. Tangu 2022 imewafaa hata baadhi ya wanawake ambao HER2 yao ni kidogo, waliokuwa wakiandikiwa "hasi" tu. Kwa hiyo karatasi ya zamani iliyoandikwa HER2 hasi inafaa isomwe tena. Dawa hiyo inaweza kuudhi mapafu. Kikohozi kipya kwa anayeitumia si mafua mpaka tuthibitishe.

Dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani ndizo zinazosikika zaidi. Wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo walipewa Nobel mwaka 2018 kwa kugundua breki zinazozuia askari wa mwili wasiishambulie saratani, na namna ya kuziachilia. Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, alitangaza mwaka 2015 kwamba saratani ya ngozi imemfika ubongoni. Alitibiwa kwa upasuaji, mionzi na mojawapo ya dawa hizi, pembrolizumab, akaishi mpaka Desemba 2024. Watu huniletea habari hiyo kwenye simu zao, nami nafurahi kuizungumza, lakini wengi wanaopewa dawa hizi hawapati matokeo ya namna ile. Habari inayotuhusu zaidi sisi ni ya mwaka 2021: pembrolizumab ikiongezwa kwenye kimo huongeza maisha ya wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa au kurudi, ikiwa kinyama kina alama ya PD-L1, protini inayokanyaga breki hizo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliitia kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ugonjwa huo. Kuwemo kwenye orodha hakuiweki dawa kwenye kabati la hospitali, ila kunatupa nguvu ya kuidai, nami naidai.

Breki zikiachiliwa, askari hao wanaweza kugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingo. Mama aliyepewa dawa hizi Nairobi au India akirudi nyumbani akaanza kuharisha, duka la dawa litamuuzia ya amiba. Hapana. Anahitaji steroidi, dawa ya kuwatuliza askari hao, tena haraka, na duka haliwezi kulijua hilo asipoonyesha kadi yake ya dawa.

Kuhusu pesa, nasema wazi. Bima ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, ina kikomo cha saratani kwa mwaka, na kikomo hicho ni cha kaya nzima. Ulizeni salio kabla ya kuanza mzunguko mpya. Na kabla shamba halijauzwa, muulizeni daktari anayependekeza dawa: je, kinyama kina alama inayolengwa? Ikifanya kazi, inatarajiwa kuongeza nini, miezi au miaka? Tutajuaje kwamba imeshindwa, na lini tutapiga picha ya kuhakikisha? Asiye na majibu ya hayo asipewe hati ya shamba. Utafiti wa kweli wa dawa mpya hauwauzii washiriki dawa inayojaribiwa, na mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote.

Majani ya mstafeli na mwarobaini, nielezeni tu kama mnatumia, maana mengine hugongana na dawa kwenye ini. Kombe na dua sina ugomvi navyo hata kidogo.

Mofini ndiyo dawa inayoogopwa kuliko zote, na ndiyo ninayoipigania zaidi. Watu hudhani ikianza, mtu amefika mwisho. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Walioanzishiwa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora, na waliishi miezi 11.6 kwa wastani, dhidi ya 8.9 ya wenzao. Hiyo haikuwa dawa ya saratani. Ilikuwa kutuliza maumivu, kusikiliza na kupanga.

Mofini ya maji ni chungu mdomoni, hunywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kuwa mraibu. Mwezi wa Ramadhani huulizwa sana kuhusu saumu. Dawa ya kila baada ya saa nne haiendani na daku na futari, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Anayetaka kufunga tuzungumze kabla ya mwezi kuandama, kwani ipo ya vidonge vinavyofanya kazi kwa muda wa saa kumi na mbili.

Mzee wa Lamu alirudi kwao na chupa mbili za mofini. Kipimo kiliandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi, nakala moja ya mwanawe na nyingine ya nesi wa zahanati iliyo karibu nao, pamoja na namba ya kupigia chupa ya pili ikifika nusu, kwa sababu dawa nayo inapanda basi lilelile na boti ileile.