Lengalenga hii imeota kwenye udongo wa wapi? Yanayosemwa kuhusu shamba la asili Lubumbashi, na yalivyo

Mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, akashika fungu la lengalenga, yaani mchicha, akaligeuza, akanusa mizizi. "Mama, hii ni bio?" Nikamjibu ndiyo, sinyunyizi dawa wala sitii mbolea ya dukani. Akafurahi, akalipa, akaenda zake. Swali ambalo mimi ningeuliza kwanza hakuliuliza: imeota kwenye udongo wa wapi?

Nalima nusu hekta upande wa barabara ya Kasenga, mwaka wa tisa sasa. Kilimo hai nakipenda na sikusudii kukiacha. Ndiyo maana maneno yanayosemwa juu yake sokoni na jikoni yananikera pale yanapokuwa si ya kweli, kwa sababu mengine yanaweza kumdhuru mtu.

"Kama haina dawa, ni salama"

Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, maana mji wetu una historia yake. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa miongo mingi moshi wake ulibeba vumbi la shaba, zinki, risasi, kadimiamu na arseniki. Upepo mkuu wa kwetu hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lilienda kutua kaskazini-magharibi ya kiwanda. Nenda Penga Penga ujionee kilima chenye mabaka ya ardhi tupu na nyasi fupi zilizojikunyata, mahali ambapo zamani palikuwa na miombo. Moshi hupita, lakini metali haiozi. Iliyotua enzi za babu zetu bado imo kwenye udongo.

Mtu anaweza kulima mahali pa namna hiyo bila tone la dawa, akatumia samadi nzuri kabisa, na bado mboga yake ikabeba kadimiamu. Mboga za majani ndizo zinazovuta zaidi, yaani lengalenga, saladi, spinachi na wenzao. Punje ya mahindi, maharagwe na nyanya hupokea kidogo kuliko jani. Kuosha kunasaidia, tena sana, hasa wakati wa kiangazi barabara zinapotimka vumbi jekundu, kwa sababu vumbi lililokaa juu ya jani linaondoka na maji. Lakini kilichopandia mzizini hakioshwi, na kuchemsha hakukipunguzii nguvu.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kukodi kiwanja, waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini pale, na maji ya kumwagilia yanapitia wapi kabla ya kufika kwako. Angalia mimea pia. Kuna kijiua cha zambarau ambacho wanasayansi hukiita Haumaniastrum katangense na wengine hukiita ua la shaba. Huota kwa wingi kwenye ardhi yenye shaba, na watafuta madini wamekifuata miaka mingi. Ukikikuta kimetandaza zulia kwenye kiwanja unachotaka kupanda mboga, simama kwanza. Udongo ukipimwa ni bora zaidi, na chuo kikuu chetu kina kitivo cha kilimo ambako unaweza kuanza kuuliza. Na kama tayari umeshakaa mahali penye mashaka, usivunjike moyo: chokaa na mboji nyingi hupunguza ukali wa tindikali ya udongo, na tindikali ikipungua, kadimiamu na zinki na shaba huwa ngumu zaidi kuingia mzizini. Unaweza pia kuinua matuta kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi, au kuacha mboga za majani na kupanda mahindi.

Shamba langu nalijua, na palipo na shaka nimepanda migomba na miembe. Yule mama hakuuliza, lakini angeuliza ningemweleza yote haya papo hapo mezani.

"Dawa ya asili haidhuru"

Hapa nasema kwa uchungu. Mtupa, ule mmea ambao huku kwetu tunauita buba, majani yake yakipondwa na kulowekwa usiku kucha hutoa maji yanayoua viwavi na vidukari vizuri sana. Mwaka wangu wa tatu nilitengeneza ndoo nzima, nikanyunyizia kabichi, na iliyobaki nikaimwaga chini ya mteremko. Usiku mvua ikanyesha. Mteremko ule unaishia kwenye bwawa langu dogo la tilapia.

Asubuhi niliwakuta samaki wamekuja juu, midomo wazi, wanahema kama mtu aliyekimbizwa. Mchana walikuwa wanaelea matumbo juu. Nilipaswa kujua, kwa sababu buba ndiyo ile ile iliyotumiwa kuvulia samaki mitoni tangu zamani: sumu yake, rotenoni, huzuia seli za samaki zisiweze kutumia hewa. Imetoka kwenye jani, haikutoka kwenye chupa, na bado ni sumu. Uzuri wake ni kwamba jua huivunja upesi, si kama dawa nyingine zinazokaa muda mrefu. Basi inyunyizie jioni, mbali na maji, funika pua na mdomo, na usivune kesho yake.

Maji ya tumbaku vivyo hivyo. Nikotini hupenya ngozi, kwa hiyo usiyakoroge kwa mkono mtupu. Tena tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya, kwa hiyo anayeshika tumbaku aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Na jivu na pilipili tunavyovisifia kila siku vinafaa kwa vidukari, wadudu laini wa juu ya jani. Kiwavi jeshi, huyu aliyeingia Afrika mwaka 2016, anajichimbia ndani ya moyo wa hindi. Ukinyunyiza juu juu unampa kivuli tu. Lazima upite mche kwa mche na kutia jivu au mchanga ndani ya moyo, au umtoe kwa kidole na kumponda.

"Moto unarutubisha shamba"

Ni kweli nusu. Mwezi wa nane na wa tisa anga ya Katanga inakuwa nzito kwa moshi, na wakulima hawachomi kwa ujinga. Jivu lina potasiamu na kalisi, linapunguza tindikali, na mahindi ya mwaka wa kwanza yanasimama vizuri. Lakini nitrojeni nyingi iliyokuwa kwenye majani imepanda na moshi, na baada ya misimu michache udongo umechoka kuliko ulivyokuwa. Wazee waliokata miti, kuchoma na kuhama walikuwa na mahali pa kuhamia. Mimi sina.

Basi nikaacha kuchoma, nikatandaza nyasi kavu juu ya matuta kama nilivyofundishwa. Vitabu havikuniambia kwamba wakati wa kiangazi mchwa watakula matandazo yote ndani ya wiki chache. Nilikasirika. Nikataka kuvunja kichuguu kikubwa kilicho katikati ya shamba, na jirani yangu mmoja, mzee kuniliko, akanishika mkono: "Usibomoe. Chota chini yake, utandaze."

Alikuwa sahihi. Udongo wetu mwekundu ni mchovu na una tindikali, lakini mchwa hupandisha udongo mfinyanzi kutoka chini, na kichuguu kina kalisi nyingi kuliko ardhi inayokizunguka. Kuna vinavyofikia mita 8 kwenda juu. Kati ya vile vilivyopimwa umri kwa kaboni katika miombo ya Katanga, kimoja kilikutwa na zaidi ya miaka 2,000. Fikiria hilo unapoona tingatinga au wachoma matofali wakikimaliza kwa msimu mmoja. Mimi nachota ndoo kadhaa kila mwaka kutoka kwenye mguu wake, naziponda, nachanganya na mboji, natia kwenye mashimo ya nyanya na bilinganya. Si mbolea kamili, nitrojeni yake ni ndogo, lakini maji yanakaa muda mrefu zaidi kwenye udongo wangu na miche haikunjami adhuhuri.

Na nitrojeni? Natumia alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano iliyojaa kando ya barabara. Majani yake mabichi yana nitrojeni na potasiamu nyingi sana. Nayakata kabla ya maua, nayachimbia chini wiki mbili kabla ya kupanda. Ni bure, na hakuna anayenikataza.

Samadi mbichi ya kuku ni habari fupi: inaunguza miche na inaleta vijidudu vya tumbo kwenye saladi. Iache ioze kwenye lundo mpaka ipate joto la sentigredi 55 au zaidi, uigeuze, ipate joto tena. Mimi nachomeka nondo katikati ya lundo, nasubiri kidogo, nachomoa. Kama siwezi kuishika kiganjani, lundo linafanya kazi.

Je, mbolea ya dukani haihitajiki kabisa? Kwa bustani ya mboga kama yangu, hapana. Kwa mtu mwenye hekta kumi za mahindi kwenye udongo huu unaoshika fosforasi na kuinyima mimea, siwezi kusimama mbele yake nikamwambia aitupe. Mboji ya kutosha hekta kumi haipatikani kwa mikono miwili.

Jikoni

Chakula cha shamba kinaonewa zaidi jikoni kuliko shambani. Lengalenga inaitwa mboga ya mwisho wa mwezi, kabichi ndiyo ya wageni. Gramu 100 za majani mabichi ya lengalenga zina kalisi ya miligramu 215 hivi, na chuma zaidi ya miligramu 2. Kabichi ya uzito huo huo ina kalisi ya miligramu 40 na chuma nusu miligramu. Halafu tunatia magadi au baikaboneti ili ibaki kijani na ilainike haraka. Inabaki kijani kweli, lakini vitamini C na B1 zinaharibika. Lengalenga changa hailazimu kitu hicho. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani yaliyooshwa maji matatu, dakika chache yamelainika. Karanga zilizotwangwa mwishoni, chumvi, basi.

Mahindi ya manjano nayo tumeyapa jina baya, eti ya mifugo, eti ya msaada. Rangi ile ni dalili ya karotini, ambayo baadhi yake mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, mwaka 2012 walitoa mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa kwa ajili hiyo hasa. Bukari wake, yaani ugali, una utamu kidogo, na watoto wangu hawataki tena ule mweupe uliokobolewa mpaka kiini kimetoka.

Uyoga: mvua zikikolea, kando za barabara zinajaa beseni. Naomba mtu asiamini kwamba uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu, au kwamba kitunguu kikibadilika rangi sufuriani ndipo kuna hatari. Sumu ya ule unaoua haiharibiki kwa moto, na konokono hula asidhurike. Hata alama za shinani hazitoshi, kwa sababu uyoga mmoja unaopendwa sana huku Katanga una kikombe shinani kama ule wa hatari. Nunua kwa mtu aliyezaliwa akiuchuma, au usinunue.

Nimeiacha sombe, yaani kisamvu, mwisho kwa sababu ndiyo niliyokosea kwa muda mrefu. Nilidhani kutwanga ni kwa ajili ya kulainisha tu, na kwamba mwenye haraka anaweza kukatakata majani kwa kisu na kuyachemsha muda mrefu zaidi. Mama mkwe wangu aliponikuta nafanya hivyo alizima jiko. Jani la muhogo lina kiini cha sumu ya sianidi, na kimeng'enya cha kukivunja kimo ndani ya jani hilo hilo lakini kimetengwa nacho. Mchi ndio unaovikutanisha. Ukichemsha bila kuponda, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu nyingi inabaki ndani. Ukiponda vizuri, sianidi inatoka kama hewa, maana huchemka kwenye sentigredi 26 tu. Ndiyo maana ya kuloweka mihogo michungu siku kadhaa pia. Kule mkoani Kwango, watu wanaofupisha siku hizo ndio wanaopatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na ulioandikwa kitaalamu tangu 1938.

Mama mkwe kimeng'enya hakukitaja. Alinipa mchi, akakaa kwenye kigoda, akanihesabia mpaka majani yakawa uji mzito wa kijani usio na mshipa unaoshikika kidoleni. Akayaacha kwenye ungo kivulini tangu asubuhi mpaka saa tisa, akayaosha, ndipo akayabandika motoni bila kifuniko. Nilipotaka kufunika ili kuokoa makaa, akasogeza mkono wangu. "Acha ipumue kwanza," akasema. Mawese na karanga vilitiwa jioni, watu wakiwa wameshanawa.