Uchovu wa saratani hauishi kwa kulala

Siku za kliniki huwa nawaona wakiingia watatu watatu: mgonjwa katikati, binti upande huu, mkwe upande ule, kila mmoja kamshika kiwiko. Nikiuliza, "Mama, nyumbani unafanya nini siku nzima?" anayejibu ni binti. "Daktari, sisi hatumruhusu aguse kitu. Maji ya kuoga tunampelekea chumbani, chakula tunampelekea kitandani. Lakini mbona ndiyo kwanza anazidi kuchoka?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na swali hilo nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona nilijibu hapa, kwa mgonjwa na zaidi kwa wanaomuuguza.

Uchovu wa saratani si uchovu wa shamba. Aliyelima kutwa akilala, asubuhi anaamka na nguvu mpya. Mgonjwa wa saratani anaweza kulala kwa muda wa saa 10 akaamka kama vile hakufumba jicho. Ugonjwa wenyewe unachangia, dawa za saratani zinazotiwa kwa dripu zinachangia, mionzi, upungufu wa damu, kukosa hamu ya kula, mawazo ya usiku. Halafu kuna sababu moja tunayoiongeza sisi wenyewe kwa huruma yetu, nayo ni kumlaza. Msuli usiotumika hupungua, wa paja ukitangulia. Moyo na mapafu huzoea kazi ndogo. Baada ya wiki chache, kutoka kitandani hadi msalani kunakuwa kama kupanda mlima. Familia wakiona anahema, wanamletea ndoo chumbani. Sasa hata ile safari fupi imekwisha, na nguvu iliyokuwa imebaki nayo inaondoka.

Kinachopunguza uchovu huu vizuri kuliko kulala ni mazoezi ya mwili. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, lilipitia tafiti zilizokuwepo na kutoa kipimo: dakika 30 za mazoezi ya wastani, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Kiasi hicho kilionekana kupunguza uchovu, wasiwasi na sonona, na kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Ukiongeza mazoezi ya kutia misuli nguvu mara 2 kwa wiki, unafaidi zaidi. Naomba usiipite haraka ile hesabu ya wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya pili, wakisema hawajaona tofauti.

Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine uliofuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia. Wote walikuwa wamefanyiwa upasuaji na kumaliza dawa za dripu. Nusu walipewa kijitabu cha ushauri wa afya, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, walio hai katika kundi la mazoezi walikadiriwa kuwa 90 katika kila 100, na katika kundi la kijitabu 83. Zoezi lililotosha kwa wengi lilikuwa kutembea kwa haraka, takriban saa nzima, mara 3 au 4 kwa wiki. Hiyo ni saratani ya utumbo mpana. Sithubutu kumwambia mgonjwa wa shingo ya kizazi au wa koo kwamba hesabu yake itakuwa hiyo hiyo. Na mazoezi yale yalikuja juu ya matibabu kamili. Anayeacha dripu au mionzi akidhani kutembea kutamtosha anajiangamiza.

Sasa nije kwenye mkono, maana hapo ndipo hofu ilipolala. Katika upasuaji wa saratani ya titi, mara nyingi mitoki ya kwapa nayo huondolewa, na baadaye mkono wa upande ule unaweza kujaa maji na kuvimba. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi wanawake waliambiwa wasibebe kitu kizito maisha yao yote. Wengi bado wanaambiwa hivyo. Mwanamke anayechota maji, anayesonga ugali wa watu wanane, mwenye mtoto wa kumbeba, akipewa katazo kama hilo amenyang'anywa nusu ya maisha yake.

Mwaka 1996, mjini Vancouver, daktari wa michezo aitwaye Don McKenzie aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi akawafundisha kupiga makasia kwenye mashua ndefu za mashindano ya Kichina, kazi inayotumia mikono hasa. Uvimbe uliotabiriwa haukutokea. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba. Walionyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakiwa na msimamizi na wamevaa soksi ya kubana mkono, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao ambao hawakunyanyua. Tena mikono yao ilikuwa tulivu zaidi. Walianza na uzito mdogo sana, wakaongeza kidogo kidogo, na aliyeona mabadiliko alisema mapema.

Nyumbani chuma si lazima. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo, na wengi nawaanzisha hapo. Siku za mwanzo baada ya upasuaji ni kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko, kuchana nywele. Kuinua mkono juu ya bega subiri ruhusa, kwa kawaida hadi mrija wa kutoa maji uondolewe. Baada ya hapo simama ukitazama ukuta, upandishe vidole taratibu kama mdudu anayetambaa, weka alama ya chaki pale vilipokomea, na kesho ujaribu kuipita. Zoezi hili lina haraka yake. Wakati wa mionzi ya titi mgonjwa hulazwa mkono ukiwa juu ya kichwa, na bega lililoganda hufanya kumlaza vizuri kuwe tabu.

Asiye na nguvu kabisa aanze na dakika 5. Akae kwenye kiti imara, asimame, akae tena, mara 5, bila kujisukuma kwa mikono ikiwezekana. Ukitembea, kasi inayofaa ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Siku zinazofuata dripu punguza, ila usiache kabisa.

Moyo nao una habari zake. Familia hupika pilau siku mgonjwa anapomaliza matibabu, na usiku huo huo yeye anakesha akijiuliza kama ugonjwa utarudi. Kumwambia "usiwaze" hakujamsaidia mtu. Kutembea naye jioni kunasaidia: wawili wanaokwenda bega kwa bega, bila kutazamana usoni, husemezana mambo ambayo kitandani yalishindikana, na usingizi huja kwa urahisi zaidi.

Wazee waliotibiwa saratani ya tezi dume huumia kimya. Mkojo unavuja, mzee anaacha kwenda msikitini kwa kuwa hana uhakika na udhu wake, au anaketi benchi la mwisho kanisani na baadaye haji tena. Misuli ya chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo, inafundishika. Bana kama unayezuia upepo usitoke, hesabu 5, legeza, hesabu 5. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usilifanye zoezi hili ukiwa unakojoa. Lipe miezi, si siku.

Usifanye mazoezi siku yenye homa, na ukiwa kwenye dripu homa hiyo ikupeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hivyo hivyo mguu mmoja ukivimba ghafla, kifua kikibana, au ukihema huku umetulia. Kama daktari amesema damu au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka sana, muulize kwanza. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, au ugonjwa uliofika kwenye mifupa, yanahitaji mazoezi ya kuchaguliwa na mtaalamu, kwa sababu mfupa uliodhoofika huvunjika. Mwenye ganzi ya nyayo avae viatu vilivyofungwa na asitembee gizani. Anayepigwa mionzi avae nguo pana za pamba.

Yule binti huwa simpi orodha ndefu. Namwomba ndoo ya maji ibaki bafuni. Kiti kiwekwe katikati ya njia, mama apumzike akitaka, na yeye amfuate nyuma hatua moja bila kumshika mkono.