Saa nane ya mama, saa nane ya mwanafunzi

Mama anafika wodi ya wazazi na kusema chupa, yaani mfuko wa maji yanayomzunguka mtoto, imepasuka saa nane. Mwanafunzi wa ukunga aliyewasili juzi kutoka Uingereza anaandika 08:00. Mama alimaanisha saa nane usiku, yaani 02:00. Kosa la saa sita limeshaingia kwenye faili kabla hata mama hajapanda kitandani. Chupa ikipasuka na saa 18 zikapita mtoto hajazaliwa, mama huanzishiwa antibayotiki ili mtoto akingwe na maambukizi. Kwa saa ya kweli muda huo unatimia saa mbili usiku. Kwa saa iliyoandikwa, wodi itasubiri mpaka usiku wa manane.

Hospitali kadhaa za Tanzania hupokea wanafunzi wa aina hii kwa wiki chache, na akina mama huwaona kando ya vitanda vyao bila kuelezwa ni nani. Ni wanafunzi, si wakunga waliosajiliwa. Kila wanachofanya lazima kisimamiwe na mkunga wa wodi. Kwao Uingereza, mwanafunzi hutakiwa kuzalisha akina mama 40 kwa mikono yake kabla ya kusajiliwa, na hesabu hiyo huwafanya baadhi wakimbilie kila kitanda kinachokaribia. Haraka hiyo haifai. Mwanafunzi aliyekaa na mama mmoja tangu njia ya uzazi ilipofunguka sentimita 4 mpaka kondo la nyuma litoke amejifunza zaidi ya aliyedaka watoto watatu.

Kila zamu huanza kwa ripoti ya makabidhiano, na hapo saa huleta madhara tena. Mkunga anayetoka zamu jioni anasema, “Kitanda cha tatu, nimempima njia saa nane, sentimita 4.” Ni 14:00. Mwanafunzi akiandika 08:00 kwenye patografu, karatasi ya kuchora mwenendo wa uchungu, kisha saa kumi jioni njia ikawa sentimita 6, karatasi itaonyesha muda wa saa nane nzima kwa sentimita mbili tu, na alama itakuwa imevuka mstari wa hatua, ule unaosema uchungu umekawia mno. Mama anaweza kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu, au kuandaliwa kwa upasuaji, wakati anakwenda vizuri kabisa, sentimita moja kwa saa.

Dawa yake ni rahisi. Saa anayotaja mama iko upande wa pili wa saa ya ukutani: akisema nane, mshale ulikuwa kwenye mbili. Kisha aulizwe: alfajiri, mchana au usiku? Na “jana usiku saa nane” kwa tarehe ya kalenda ni leo. Mwanafunzi aandike kwa saa 24, amsomee mkunga kwa sauti, ndipo mkunga aweke sahihi.

Maneno mengine mawili huleta ajali. Mama akisema “nasikia haja kubwa”, mwanafunzi mwenye kamusi mfukoni humpeleka chooni. Mara nyingi ni kichwa cha mtoto kinachokandamiza njia ya haja, na mtoto anaweza kuzaliwa juu ya sakafu ya choo. Amwite mkunga ampime kwanza. La pili ni “sukuma”, neno wanalolijua mapema kuliko yote na kulipaza kabla ya wakati. Mama akisukuma njia ikiwa sentimita 7, mlango wa kizazi huvimba, naye huishiwa nguvu kabla ya kuzihitaji. Bora wafundishwe kwanza “pumua” na “usisukume bado”.

Kwao wamezoea mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto. Hapa mara nyingi ni fetoskopu, kifaa cha mkononi kama tarumbeta fupi: upande mpana kwenye tumbo, sikio upande wa pili, mkono uachie kabisa. Vidole vya mkono mmoja vishike mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono, la sivyo atahesabu ya mama akidhani ni ya mtoto. Ahesabu dakika nzima, mara tu mkazo unapoisha, kila nusu saa, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Kawaida ni 110 hadi 160. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne ni uvivu, na hufanya mapigo yanayoshuka yasionekane.

Mtoto akitoka hukaushwa na kulazwa kifuani kwa mama. Asipopumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, ambu, mfuko wa kumpulizia hewa, ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha, pumzi 40 hivi kwa dakika. Kwa mama, mkunga hupapasa tumbo kwanza kuhakikisha hakuna pacha, kisha oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja. Dawa hiyo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda kwenye treyi dirishani hupungua nguvu, na damu haikati.

Damu yenyewe hudanganya kwa sababu ya khanga. Hunywa damu nyingi, maua yake huficha rangi, na mwanafunzi huandika “mililita 200” kwa kukisia. Zipimwe: uzito wa khanga zilizolowa, toa uzito wa khanga kama hizo zikiwa kavu, gramu moja ni takriban mililita moja. Ikifika 500, huko ni kutokwa na damu kupita kiasi. Mkunga aitwe mara moja, mfuko wa uzazi usuguliwe, na kibofu kihakikishwe kuwa kitupu, maana kikijaa huzuia mfuko kujikaza.

Sindano ikimchoma mwanafunzi, aoshe kwa maji tiririka na sabuni bila kukamua, kisha aripoti papo hapo. Dawa za kinga ya VVU huanza haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Asisubiri zamu iishe kwa aibu.

Na wewe mama, mwanafunzi anapaswa kukuambia jina lake, kwamba ni mwanafunzi, na anachotaka kufanya, kabla hajakugusa. Ukisema “mimi hapana, nataka mkunga”, hutakiwi kueleza sababu, na huduma yako haipaswi kupungua hata kidogo. Waweza pia kukubali akusikilize tumbo na kukataa akupime njia.