Si 4K inayoipa video ya droni sura ya kitaalamu

Karibu kila wiki napigiwa simu ya aina moja. Siku nyingine ni bwana harusi, siku nyingine mwenye hoteli ya ufukweni, au kijana aliyedunduliza pesa zake ili anunue droni ya kwanza. Swali lao ni lilelile: "Kaka, hiyo ni 4K?" Nikijibu ndiyo, wanatulia, kana kwamba yaliyobaki yatajiendea yenyewe. Naandika haya kwa sababu nimeona vijana wengi wakimaliza akiba zao kwenye namba zilizochapwa kwenye boksi, kisha wakabaki na video zinazotetemeka na anga jeupe kama karatasi. Kila kichwa hapa chini ni kauli ninayoisikia kwao.

"Mradi ni 4K, video itatoka kali"

4K ni idadi ya nukta: 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla kama milioni 8.3, mara nne ya Full HD. Namba hiyo haikuambii kila nukta imepata mwanga kiasi gani. Droni ndogo ya kampuni ya DJI, Mini 2, inarekodi 4K, na kubwa yao, Mavic 3, nayo inarekodi 4K. Lakini sensa ya Mini 2, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa milimita za mraba 28 hivi, na ya Mavic 3 inakaribia 225, yaani mara nane. Kinga mvua kwa kikombe na kwa beseni uone. Asubuhi yenye jua utahangaika kuzitofautisha video zao, ila jua likishazama ile yenye sensa ndogo inaanza kujaa chenga kwenye vivuli.

Halafu kuna zile droni za bei rahisi zenye maandishi makubwa ya "4K" kwenye boksi. Nyingi kati ya hizo hazina gimbali, ule mkono mdogo wenye mota unaoishikilia kamera isiyumbe upepo unapoisukuma droni. Bila gimbali ya mihimili mitatu, hata nukta milioni mia hazitakusaidia. Ukinilazimisha nichague kati ya Full HD yenye gimbali na 4K isiyo nayo, nachukua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Hata hivyo 4K ina faida yake: unapata nafasi ya kukata na kusogeza picha wakati wa kuhariri, kisha ukatoa kazi ya Full HD iliyo safi.

"Filta za ND ni mapambo, kazi yake kutia giza tu"

ND ni vile vioo vya kijivu vinavyovishwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye tofauti kubwa kati ya video ya mtu aliyejifunza na ya mtu aliyerusha tu.

Nilikuwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, vibali vikiwa mkononi, napiga jahazi likirudi pwani saa nne asubuhi. Nilishuka hadi mita chache juu ya maji, nikaenda sambamba nalo, povu likikatika ubavuni. Kwenye skrini ya rimoti niliona kitu kizuri mno. Jioni nikafungua kompyuta: mawimbi yanarukaruka, povu limeganda kama vipande vya chokaa, tanga linasonga kwa kushtukashtuka. Kamera ilikuwa salama kabisa. Tatizo lilikuwa shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie kwa kila picha.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukirekodi fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, shata inayolifanya jicho lione mwendo laini ni karibu 1/50 ya sekunde, yaani namba ya chini iwe mara mbili ya idadi ya fremu. Kwa shata hiyo kila fremu hubeba mchirizi mdogo wa kitu kinachokwenda, na michirizi hiyo ndiyo inayoziunganisha fremu machoni. Sasa lenzi ya Mini 2 ina tundu la kupitishia mwanga lisilobadilika, la f/2.8. Jua likiwa kali, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100, kamera italazimika kupandisha shata hadi kama 1/3200 ili picha isiungue, yaani isizidi mwanga ikawa nyeupe tupu. Kila fremu inagandishwa peke yake, na fremu zilizogandishwa zikifuatana zinaonekana kukatikakatika.

Toka 1/3200 hadi 1/50 ni kupunguza mwanga kwa nusu mara sita. ND8 inapunguza kwa nusu mara tatu, ND16 mara nne, ND32 mara tano, ND64 mara sita. Kwa hiyo kwa jua la pwani yetu ND64 ndiyo ya kazi, na ND16 uiweke kwa mawingu au jua likikaribia kuchwa. Mavic 3 ina tundu linalobadilika, f/2.8 hadi f/11 (namba ikikua tundu hupungua), kwa hiyo unaweza kukidhi sehemu ya hesabu hiyo kwa lenzi yenyewe.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Ukiruka kuelekea jua, kivuli cha propela hukatiza mbele ya lenzi na kuacha mistari inayocheza kwenye picha. Shata ikiwa ya kasi mistari hiyo hukolea. Ukiishusha kwa ND hufifia, na ukigeuka kidogo kuliacha jua pembeni huondoka.

Ni haki niseme pia kwamba juu sana, ukisogea taratibu juu ya mashamba, tofauti hiyo hutaiona. ND inadai haki yake pale unapopita karibu na vitu: maji, minazi, paa za makuti, msafara wa magari.

"Iache kwenye oto, kamera ina akili"

Kamera haijui unachokithamini. Inatafuta wastani tu. Inamisha kutoka baharini kwenda kwenye mchanga mweupe wa Unguja utaona picha nzima inazama gizani katikati ya tukio, na rangi ya maji inageuka kutoka samawati kuwa kijivu. Mhariri hawezi kulificha hilo. Mimi nafunga vitu vyote kabla ya kubonyeza kitufe chekundu: ISO, shata, na mpangilio wa rangi nyeupe kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,600 hivi kwa mwanga wa mchana.

Kipimo changu kwenye harusi ni kanzu. Wanaume thelathini wamesimama juani na kanzu nyeupe. Ukipanga mwanga kwa kufuata bustani iliyo nyuma yao, kanzu zinaungua, mikunjo na nakshi za shingoni zinapotea, na kilichoungua hakirudi. Washa ile mistari ya pundamilia inayoonyesha sehemu zilizozidi mwanga, kisha shusha hadi iondoke kwenye kanzu. Kivuli unaweza kukiinua baadaye.

"Video za logi ndizo za kisinema"

Logi ni video iliyopauka kwa makusudi ili ihifadhi vivuli na sehemu angavu kwa pamoja, halafu rangi zipakwe upya kwenye kuhariri. Inahitaji akiba ya rangi. Faili la biti 8 lina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. La biti 10 lina 1,024. Ukilivuta la biti 8 kwa nguvu, anga la magharibi linapasuka mabaka kama ngazi za mchanga. DJI Mini 4 Pro ya 2023 inarekodi D-Log M, logi ya DJI, ya biti 10, na hapo kuna nafasi ya kucheza. Lakini kama huna muda wa kupaka rangi, au mteja anataka kazi usiku uleule aitume WhatsApp, piga rangi za kawaida. Nimeona video nyingi za harusi zilizokabidhiwa zikiwa zimepauka hivyohivyo, bibi harusi akiwa na sura ya mgonjwa.

"Kadi ni kadi"

Hili lilinifika mimi mwenyewe. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 256 kwenye duka ambalo sitalitaja, bei nzuri, pakiti imefungwa vizuri. Nikarekodi sherehe nzima. Nyumbani faili za mwanzo zilifunguka, zilizofuata zikagoma zote. Kadi ilikuwa na nafasi ndogo iliyodanganywa ionekane kubwa. Nilikwenda kwa ile familia kuomba radhi ana kwa ana, na mama wa bibi harusi alilia mbele yangu. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naijaza mpaka mwisho kwa programu ya kupimia, H2testw au F3, kabla haijaingia kwenye droni.

Na watu wananunua kasi wasiyoihitaji. Mini 2 inaandika megabiti 100 kwa sekunde, sawa na megabaiti 12.5. Kadi ya alama V30 inahakikisha angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Inatosha na kubaki. Kadi halisi ya GB 64 itachukua kama dakika 85, kwa hiyo heri kadi tatu ndogo za kweli kuliko moja kubwa ya mashaka.

"Betri inakaa dakika 31"

Hizo za Mini 2 zilipimwa pasipo upepo. Msimu wa kusi, juu ya bahari, mimi napanga kurudi mapema sana, na naruka kwanza kuelekea upepo unakotoka ili kurudi kuwe kwepesi.

"Sauti tutatoa kwenye droni"

Droni nyingi za aina hizi hazirekodi sauti kabisa, na kama zingerekodi ungesikia propela tu. Kule Nungwi niliporudi mara ya pili na ND64, niliiweka rekoda ndogo yenye kizuia upepo cha manyoya kando ya jahazi lililokuwa likikalafatiwa, yaani likizibwa nyufa kwa pamba. Dakika kumi. Nyundo inagonga, fundi anamwita mwanafunzi wake amletee pamba, maji yanapwaya nyuma yao. Nilipoilaza sauti ile chini ya picha ya tanga likipita, mwenye hoteli aliyeniagiza ile kazi aliniomba niirudie tangu mwanzo, na hakuuliza tena kama ni 4K.